Lango Liwe Upande wa Nani

Pori lile lilihifadhiwa na ugomvi. Kwa miaka thelathini na moja baba yake karani na baba yake mdogo, waliolimiliki pamoja, hawakuelewana lango na barabara ya kuingilia viwe wapi, juu kwa kaka au chini kwa mdogo, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aanze kufyeka, halikukatwa hata tawi. Miti ikanenepa, chemchemi ikaendelea kububujika, na ndugu wawili wakazeeka wakipishana njiani kama hawajuani.

Kisha halmashauri mbili, ya mjini na ya wilaya, zikaungana kulinunua ili lisiguswe kamwe. Wazee walitia saini siku moja, wakakumbatiana, wakalia kama watoto. Karani, ambaye ndiye mwandishi wa mihtasari ya kamati ya pamoja, alilia nao. Alilipenda pori lile mno. Ndimo alimokuwa akicheza na binamu zake kwa kujificha, wazazi wakiwa wamenuniana.

Kikao cha nne, mwenyekiti wa mjini alitandaza ramani mezani, akaikandamiza kwa chupa nne za maji.

"Uhifadhi bila wageni ni kazi bure," alisema. "Hapa maegesho ya magari sitini. Hapa ukumbi. Hapa mgahawa. Chemchemi tunaijengea zege, iwe nadhifu."

"Na miti?" karani aliuliza, ingawa kazi yake si kuuliza.

"Tutapanda mingine. Ya maua."

Mwenyekiti wa wilaya, ambaye hakuwahi kukubaliana na mwenzake hata kuhusu saa ya chai, akaachia tabasamu pana. "Safi kabisa! Katapila liingie Jumatatu. Karani, andika: wajumbe wote wameafiki."

 Karani alizungusha macho mezani, akaona watu kumi na wawili wanapendana. Hakuwahi kuogopa kikao kiasi kile.

"Nimeandika, waheshimiwa," alisema kwa upole wote aliojaliwa. "Kuna kitu kidogo tu sijakijaza. Lango liwe upande wa nani?"

"Mjini, bila shaka," alisema wa mjini. "Ndiko watu waliko."

"Pori liko wilayani, mheshimiwa. Au umesahau?"

"Wazo lilikuwa la nani?"

"La nani? Hebu rudia!"

Kufika mchana ramani ilikuwa imekunjwa, katapila limeahirishwa, na kamati ndogo ya lango imeundwa, nayo haikupata mwenyekiti kwa sababu kila upande ulimtaka wake. Karani aliandika yote kwa mwandiko mzuri.

Jioni aliwakuta wazee wawili barazani, birika moja katikati yao. Alipowasimulia, baba yake alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi mdogo wake ampigepige mgongoni. Baba mdogo hakucheka.

"Lango," alisema. "Mke wangu alizikwa, kaka, hukuja. Kwa ajili ya lango."

Baba aliweka kikombe chini. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa mjinga."

"Tulikuwa wajinga."

 Baba akajifuta macho, akamgeukia binti yake.

"Lakini wale wakikaribia kupatana, mwanangu, tuite upesi. Sisi tuna uzoefu."