Supu ya Bi Hanh

Jumamosi moja ya mwezi Machi, saa saba mchana, Gregori aliegesha gari mbele ya mkahawa wa Kivietinamu kando ya barabara ya Rockville Pike, huko Amerika, katikati ya dobi na saluni ya kucha, akamwambia binti yake avae kofia ya koti kwa sababu ya manyunyu. Binti alikuwa ametoka mazoezi ya kuogelea. Alijibu kwa Kiingereza kwamba nywele zimeshalowa, kofia ya nini tena. Wakaingia.

Binti aliitwa Vumilia, jina la bibi yake mzaa baba aliyeko Tabora. Shuleni kwao Gaithersburg walimwita Vii. Alikuwa na miaka kumi na sita, na Kiswahili alikisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: wimbo anaujua, maneno mengine yanapotelea ukutani. Kwa upande wa kusema, alikuwa na shikamoo, asante, nzuri na chakula tayari. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Siku za kazi aliendesha gari hadi Arlington kuwafundisha Wamarekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kufanya kazi Dar es Salaam na Nairobi, na alisifika kwamba wanafunzi wake humaliza masomo wakiwa na uwezo wa kugombana na fundi bomba.

Mwenye mkahawa, Bi Hanh, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, alileta mabakuli mwenyewe. Mchuzi ulikuwa mwepesi na safi, unaona tambi za mchele zimelala chini kama uzi uliofumuliwa. Mifupa ya ng'ombe ilikuwa imechemka usiku kucha na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, na ndani yake mlikuwa na mdalasini, karafuu na kiungo fulani chenye umbo la nyota. Gregori alikuwa ameagiza utumbo na kano. Kwa kawaida hakuwa mwepesi wa kusifia chakula, maana alikulia kwa mama ambaye supu yake ilifuatwa na watu wa mtaa wa tatu, lakini alipoonja alikiweka kijiko chini. Kisha akaonja tena.

Vumilia alichana majani ya mrehani, akayatia bakulini pamoja na machipukizi ya choroko, akanywa mchuzi vijiko kadhaa.

"Baba," akasema, "hebu nisogezee hiyo pilipili."

Gregori akaisogeza. Ni pale alipokuwa anakamua ndimu ndipo alipotambua kilichotokea, na jambo la kwanza lililomgusa lilikuwa lile neno lenyewe, nisogezee. Wanafunzi wake wa Arlington huchukua miezi kabla ya kulitamka bila kusita.

"Umesemaje?" akauliza.

"Nimesema unisogezee pilipili, na umeshanisogezea. Unaniangalia nini? Kula, tambi zitavimba."

Lafudhi ilikuwa ya Tabora. Hata namna ya kuvuta lile "kula" ilikuwa ya mama yake Gregori. Kwenye meza ya pembeni alikuwapo Mkenya mmoja aishiye Lanham, Kipkemboi, na wanawe wawili waliokuwa wakimweleza jambo kwa Kikalenjin, mmoja akilia. Kipkemboi alimtazama Gregori, akatikisa kichwa kama mtu anayemkaribisha mwenzake kwenye foleni.

"Ni hiyo supu," akasema. "Sisi hukuja hapa tukiwa na maneno mazito. Ya kawaida tunaongea tu Kizungu nyumbani."

Bi Hanh alipopita, Gregori alimwuliza kama ni kweli. Alisema ndiyo, lakini inawafaa watoto tu, watu wazima haiwasaidii kitu. Mwanawe mwenyewe, yule aliyekaa kwenye mashine ya malipo, alikuwa akizungumza naye Kivietinamu vizuri mpaka anapofika mlangoni. Akauliza kama wanataka limau au wanatosheka na ndimu.

Vumilia alikuwa akila kwa utaratibu. "Kumbe ndivyo inavyokuwa," akasema baada ya muda. "Mdomo unajaa." Akaviweka vijiti vya kulia pembeni. "Baba, kwa nini hamkunifundisha?"

Gregori akamweleza. Vumilia alipokuwa na miaka mitatu, mtaalamu mmoja wa shule ya watoto aliwaita Gregori na mkewe, akawaambia mtoto anachelewa kusema kwa sababu lugha mbili zinamchanganya, wachague moja. Walichagua Kiingereza jioni ileile.

"Na wewe ni mwalimu wa lugha."

"Ndiyo."

"Ulijua si kweli."

"Nilijua. Lakini yule alikuwa na ofisi, mwanangu. Sisi tulikuwa wageni."

"Mlininyima," Vumilia akasema. "Mkaninyima kilicho changu, halafu kila siku unakwenda Arlington kuwagawia watu baki. Hata kuku hafanyi hivyo. Kuku huparua, akaita vifaranga vyake kwanza."

Maneno yalimchoma Gregori, na hapohapo aliona fahari asiyoweza kuizuia. Mfano ule wa kuku yeye hakuwahi kumfundisha mtu. Aliusikiliza ulivyopangwa, ulivyotua, akaona kwamba anagombezwa na mtu anayejua kugombeza. Alisema tu, "Ni kweli, mama." Alikuwa akimwita mama tangu azaliwe, kwa sababu ya jina.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika. Kwenye gari Vumilia alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba siti ina baridi. Gregori akawasha kipasha joto.

Nyumbani, mkewe Honorata, muuguzi ambaye Jumamosi nyingi humkuta kazini, alisikiliza habari yote akiwa anavua viatu. "Supu aliimaliza?" akauliza. Alipoambiwa aliimaliza, akasema, "Basi mpeleke tena. Azungumze na bibi yake."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bibi Vumilia alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na sasa mguu wa kushoto ulikuwa umeoza kuanzia vidoleni. Madaktari walitaka kuukata chini ya goti kabla sumu haijapanda. Bibi alikataa. Padri alikwenda, akakaribishwa chai, akarudi alivyokwenda. Adela, dada yake Gregori aliyekuwa akimwuguza, alilia mbele yake mpaka akachoka. Bibi aliwaambia wote kwamba atasikia la mtu mmoja tu, wajina wake aliyeko Amerika, na kila mtu alijua kuwa wajina hana la kusema zaidi ya nzuri.

Jumamosi iliyofuata walikaa meza ileile. Tabora ilikuwa ni saa mbili usiku. Vumilia alikunywa mchuzi kwanza, akangoja upite kooni, kisha Gregori akapiga simu na kuiegemeza kwenye chupa ya mchuzi wa samaki. Adela alionekana akiishika simu upande wa pili, kisha akatokea bibi, kitambaa kichwani, amekaa kitandani na mguu umefunikwa kanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajina. Hujambo?"

"Mimi sijambo. Wewe ndiye mwenye jambo, na nimeambiwa unalificha chini ya kanga."

Bibi akaisogelea simu. Hakushangaa. Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa sana njiani.

"Miaka yote nikipiga unaniambia nzuri," akasema. "Nauliza shule, nzuri. Nauliza mama yako, nzuri. Nikasema huyu ana maringo. Jina langu amelichukua, mimi mwenyewe hanitaki."

"Sikuwa na maneno, Bibi."

"Walikunyima nani?"

Vumilia alimtazama baba yake juu ya bakuli. Gregori alikuwa ameinamia tambi zake. "Yatazungumzwa siku nyingine," Vumilia akasema. "Leo nimepiga kwa ajili ya mguu."

"Mguu wangu una nini? Nilikuja duniani na miwili, nitaondoka na miwili."

"Huo mmoja umeshaondoka, Bibi. Unangoja nini, kuusindikiza?"

Adela aliangua kicheko upande wa pili, simu ikatikisika, dari ya chumba ikaonekana. Iliporudi mahali pake, bibi naye alikuwa akicheka huku akifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Vumilia alitaka kuendelea, akakohoa. Neno halikuja. Bakuli lilikuwa limebaki tambi tupu. Kabla Gregori hajanyanyua mkono, Bi Hanh alikuwa amesimama pale na sufuria ndogo, akamimina mchuzi wa moto mpaka ukingoni, akaenda zake. Vumilia akanywa, akaungua ulimi, akanywa tena.

"Nisikilize," akasema. "Mimi ndio kwanza nimekupata. Nina habari za miaka kumi na sita, hujasikia hata moja. Ukienda sasa, nitamsimulia nani? Wakate huo mguu, ukae, tuzungumze."

Bibi aliivuta kanga juu ya mguu. Nyuma yake mbwa alibweka. Bibi akaanza kuuliza: anaogelea kweli, na maji hayo yana kina gani, na nani anamsuka, na hicho anachokula ni nini. Vumilia alimwonyesha bakuli. Alieleza mifupa, tangawizi iliyobabuliwa, utumbo wa baba uliooshwa ukawa mweupe kama karatasi. Bibi, ambaye hakuwahi kusifia jiko la mwingine, aliuliza vitunguu wanavibabua na maganda au bila maganda. Vumilia akamwuliza Bi Hanh. Na maganda.

"Huyo mwanamke anajua," bibi akasema. Kisha akamgeukia Adela. "Kesho kamwambie daktari nimesikia."

Mguu ulikatwa Jumatano. Bibi alipata homa, akapona, akatengenezewa magongo na fundi seremala wa mtaani kwake. Kila Jumamosi walizungumza, yeye kitandani au barazani, na mjukuu mbele ya bakuli. Habari za shule zilisimuliwa zote, na nyingine ambazo Gregori aliombwa akanawe mikono wakati zinasimuliwa. Mara moja Honorata alibadilishana zamu, naye akaja. Alikaa kando ya binti yake, wakaongea mambo yao kwa sauti ya chini mpaka chai ikapoa.

Gregori alijaribu kubeba supu nyumbani. Bi Hanh alimwonya kuwa ikitoka mlangoni ni supu tu, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa ilikuwa supu nzuri. Alijaribu pia njia ya kawaida. Walimaliza somo la kwanza na la pili la kitabu chake mezani jikoni, kisha ikaja mitihani ya Vumilia, na Arlington wakampa Gregori darasa la jioni, la watu waliotakiwa kuondoka upesi. Wale waliendelea vizuri sana.

Mwezi Juni, siku ya Jumanne, bibi alipiga mwenyewe. Mkahawa hufungwa Jumanne. Vumilia alipokea akiwa jikoni nyumbani, akasema shikamoo, akasema nzuri. Kisha bibi akaanza kuzungumza, kwa sauti iliyokuwa na haraka, na Vumilia akasikiliza, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Alishika neno usiku. Alishika neno ndoto, na jina lake mwenyewe, au la bibi. Alifungua kinywa mara mbili. Mwishowe akampa baba yake simu.

"I don't know, Dad," akasema. "Tell her Saturday."

Gregori akaichukua. "Mama, anasema mtazungumza Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali, Gregori," mama yake akasema.