Gololi ya Mwaka Themanini na Tatu

“Zamu yako ilianza mwaka themanini na tatu, kaka,” alisema Yusta. “Tembo anabeba mimba miezi ishirini na mbili, kisha anazaa. Wewe zamu yako ina miaka arobaini na moja.”

“Gololi haijaanguka,” alisema Filemoni. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye vitufe vya pembeni mwa mashine, kushoto na kulia, na macho yake yalikuwa kwenye kioo. “Zamu inaisha gololi ikianguka. Kanuni unaijua.”

“Naijua. Ndiyo maana nimepanda gari la alfajiri.”

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwa Filemoni, Mnyuzi. Yusta alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Ujumbe wa kaka yake ulimkuta jana yake jioni kwenye banda lake la ushonaji, Chanika mjini Handeni, akikata kaptura za shule. Filemoni aliuweka kwenye kundi la familia: “Wapendwa, Jumanne nafanyiwa upasuaji wa jicho. Zamu ya mashine namwachia Jabiri.” Yusta aliusoma mara mbili, akaacha mkasi ndani ya kitambaa, akaenda kulala mapema. Jabiri alikuwa mume wa binti wa kwanza wa Filemoni. Alikuwa anauza simu Korogwe mjini, na alizaliwa miaka kumi baada ya gololi kurushwa.

“Jabiri hata kizibo hana,” alisema Yusta.

“Jabiri ni mwanamume mtulivu.”

“Sikuuliza utulivu wake. Nimeuliza kizibo chake.”

Mashine yenyewe ilikuwa meza ndefu yenye miguu ya chuma, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji, na juu yake kioo. Chini ya kioo kulikuwa na vikofia vitatu vyenye taa, safu za misumari ya shaba, vishimo viwili, na chini kabisa vikono viwili vya kupigia gololi isitumbukie. Fundi mmoja wa korona, kile kiwanda cha kukamulia majani ya mkonge, aliinunua Tanga kwa mwenye duka aliyekuwa anahama, akaiweka kwenye klabu ya wafanyakazi. Baba yao, Bernardo, alikuwa mkata mkonge aliyekuja kwa miguu kutoka Msumbiji. Watoto wake walikulia kambini, na Jumamosi ilikuwa Jumamosi kwa sababu ya mashine ile. Ukitokea nyumba za mwisho ungeisikia: taka-taka-taka, kengele, taka-taka, na kelele za watu. Watoto wafupi walisimama juu ya kreti za soda. Mikono yote ilinuka maji ya mkonge na kioo kilinuka hivyohivyo. Yusta alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na usiku alipolala vidole vyake vilikuwa vinabonyeza godoro.

Foleni ilipangwa kama ya bomba la maji. Bombani ndoo hujipanga na wenyewe wakaenda kukaa kivulini, na pale klabuni vizibo vya soda vilijipanga juu ya kioo. Kila mtu alikuwa na chake, na kila mtu alikijua cha mwenzake. Cha Filemoni kilipondwa na treni kwenye reli, kikawa bapa kama sarafu. Cha Yusta kilikuwa na alama ya meno, kwa sababu alikifungua mwenyewe. Anayecheza kizibo chake kilikaa mwanzo wa safu hadi gololi yake ianguke, ndipo akakiondoa.

Jumamosi ile Filemoni alivuta springi, gololi ikaruka, na haikuanguka. Usiku mzee Mhina, mlinzi wa klabu, alizima umeme. Mashine iliendelea. Wiki tatu baadaye shamba la mkonge lilifungwa na wafanyakazi wakaambiwa waondoke kambini. Kwa kuwa mchezo ulikuwa haujaisha, wanaume wanane waliibeba mashine hadi Mnyuzi huku Filemoni akitembea nayo, vidole kwenye vitufe. Aliposhikwa na haja, gololi ilipanda juu kabisa ikazunguka pale kwa adabu hadi arudi. Ilifanya hivyo pia alipokwenda shambani, alipokwenda kuoa, na alipokwenda kumzika baba. Shamba la baba nalo alilipata kwa njia hiyo. Alisimama ndani yake, na hakuna aliyemwambia atoke.

Sasa alikuwa na miaka sitini, mgongo umepinda na jicho la kushoto lina ukungu. Mikono yake, kuanzia kwenye vifundo, ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa. Benki walishawahi kukataa alama zake za vidole.

“Shikamoo, mzee Mhina,” alisema Yusta, kwa sababu mzee alikuwa ameingia.

“Marahaba, mwanangu. Za Handeni?”

“Nzuri. Nimefuata zamu yangu.”

“Nimesikia. Nimesikia tangu kule relini, una sauti.” Mhina aliketi. Alivaa koti lenye mawe mifukoni, mawili kila upande. “Mimi nawaambia yaleyale niliyosema klabuni. Zamu ni ya mwenye gololi.”

“Umeona?” alisema Filemoni.

“Na anayefuata ni nani, mzee?” aliuliza Yusta. “Ni kizibo kinachofuata au ni mkwe?”

Kabla Mhina hajajibu, gololi iligonga kikofia cha kati, namba za ubao wa alama zikatimia elfu kumi, zikarudi sifuri.

Elfu kumi ilipotimia, kila kilichokuwa ndani ya hatua mia moja kilipanda shubiri moja kutoka ardhini, isipokuwa mashine, ambayo Filemoni aliifunga kwa bolti kwenye sementi. Yusta alipanda. Filemoni alipanda, akashikilia vitufe. Mhina alipanda nusu shubiri, kwa sababu ya mawe. Uani kuku wa Rukaya walipanda na mmoja akataga huko huko, ikabidi yai lisubiri. Jirani aliyekuwa anafua aliendelea kufua. Kupanda kulitekenya tumbo, kwa hiyo wote walicheka, pamoja na waliokuwa wanagombana. Yusta alicheka hadi akashika mbavu. Mhina alicheka akishika kofia. Kisha walishuka taratibu, na Mnyuzi nzima ya upande ule wa reli ikasikika ikijifuta machozi.

“Mjinga wewe,” alisema Yusta akihema. “Bado nimekasirika.”

“Karibu chai, wifi,” alisema Rukaya akitoka jikoni na birika. Rukaya, mke wa Filemoni, alikuwa mtu wa Vugiri, mzaliwa wa milimani, na kuwa juu hakukumsumbua. Alikuwa amejifunza kumimina chai baada ya kushuka, si kabla.

Lakini Yusta hakuchukua kikombe. Alikuwa anatazama kioo. Miaka yote alipokuja kusalimia, kwa harusi, kwa misiba, kwa Krismasi, alikaa jikoni na wanawake wengine, na elfu kumi alizipokea akiwa ameshika mwiko. Hakuwahi kusimama karibu na kioo wakati wa kushuka. Sasa aliona. Vizibo navyo vilikuwa vimepanda, na viliposhuka vilijipanga upya. Chake, chenye meno, kilitua cha kwanza. Cha Filemoni, kilichopondwa na treni, kilitua cha pili.

Filemoni aliachia kitufe cha kulia, akanyoosha kidole kimoja, akakisogeza kizibo chenye meno nyuma, akarudisha mkono. Alifanya hivyo kama mtu anayefukuza inzi.

“Umefanya nini hapo?” aliuliza Yusta.

“Nini?”

“Hicho kidole.”

“Aa, hicho? Vinachanganyika vikishuka. Navipanga.”

“Vinachanganyika vipi? Kila mara?”

Filemoni aliipiga gololi mara mbili tatu. “Kila mara kinakuja cha kwanza,” alisema mwishowe. “Basi nakisogeza.”

Yusta alimgeukia Mhina. Mzee alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake.

“Mzee, siku ile kizibo cha kwanza kilikuwa cha nani?”

“Siku ile kulikuwa na watu wengi sana.”

“Mzee Mhina.”

“Kilikuwa chako,” alisema Mhina. “Ulifika saa mbili asubuhi, klabu haijafunguliwa. Lakini wasichana tulikuwa tunawarudisha nyuma kidogo, wanaume wacheze kwanza. Ilikuwa kawaida. Hakuna aliyelalamika.”

“Nililalamika mimi.”

“Ulilalamika, ndiyo. Wewe tu.”

“Nawe, kaka, uliniambia nini? Unakumbuka?”

Filemoni alikumbuka. Alikuwa amemwambia, “Kiweke hapo, zamu itafika.”

“Miaka arobaini na moja,” alisema Yusta. “Nimezaa wanne. Nimesoma stashahada nikiwa na mimba. Nimeshonea nusu ya wilaya. Na kila nikipiga cherehani mguu unaniambia, zamu yako bado. Kumbe gololi yenyewe ni yangu.”

“Sasa unataka nifanye nini? Niiangushe? Siwezi kuiangusha, dada. Nimeshajaribu.” Hapo sauti yake ilishuka. “Mwaka tisini na nane niliachia vitufe makusudi, nikafumba macho. Ilipiga yenyewe.”

“Usiiangushe. Ondoka.”

“Siondoki. Namsubiri Jabiri.”

Treni ya mizigo ilipita, dereva akapiga honi ndefu kama kawaida yake, kwa kuwa mara moja alishawahi kupanda na mabehewa kumi na manne na hakutaka tena kushtukizwa. Yusta aliutazama ubao. Elfu tisa na mia mbili. Aliivua futi shingoni akaikunja, akaiweka mfukoni. Akavua na viatu. Kisha akasogea hadi pembeni mwa mashine, akashika ukingo wa chuma kwa mkono wa kushoto. Mhina alisogeza kiti.

Elfu tisa na mia tano. Mia nane. Gololi ilipanda, ikapiga misumari, ikaanguka juu ya kikofia cha kulia, ikapiga cha kati, cha kulia, cha kati, na kengele zikalia kama za Jumamosi.

Walipanda. Kicheko kilikuja. Vizibo vilipanda na kugeuka hewani, na chenye meno kilianza kushuka cha kwanza. Filemoni, akicheka, aliachia kitufe cha kulia na kunyoosha kidole.

Yusta, akicheka zaidi, alinyoosha cha kwake, akamsukuma kaka yake begani.

Mtu aliyeko hewani hana uzito. Filemoni alitoka mashineni kama gunia la pamba, akapita juu ya kochi na mbele ya picha ya baba yao, akimwambia Yusta mambo ambayo kicheko kilimzuia kuyamaliza, akaenda kutua mlangoni, kwenye ndala. Yusta alishuka akiwa tayari ameshika vitufe.

Gololi ilikuja chini, ikasita kidogo katikati ya vikono, kama mtu anayesoma jina mlangoni. Yusta alibonyeza. Ikapanda.

“Aaaah!” alisema Yusta, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenyekiti wa kamati ya shule. “Ona! Ona inavyokwenda! Toka hapo, mzee, unaniziba mwanga!”

Taka-taka-taka. Makovu ya sindano vidoleni mwake yalifutika moja baada ya jingine, na sebule ilinuka maji ya mkonge. Alirukaruka kwa miguu mitupu. Aliitukana misumari ya shaba kwa majina iliyokuwa nayo kambini. Mlangoni Filemoni alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa inapata mikunjo, akaipaka mate kuona kama itasaidia, haikusaidia. Mhina alichukua kitambaa akafuta jina kwenye ubao mdogo wa chaki juu ya mashine, ili aandike jipya. FILEMONI haikufutika. Alitia maji, haikufutika. Akaandika YUSTA chini yake, na chaki haikushika.

“Namba zinahesabiwa kwa Filemoni,” alitangaza.

“Zihesabiwe popote,” alisema Yusta, kisha akaiambia gololi: “Haya, panda, mama, panda!”

Rukaya alikuwa bado amesimama na birika. Alilitua mezani. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa kizibo chenye kutu, akakiweka juu ya kioo.

“Wifi, na mimi ninacho. Tangu niolewe.”

“Kiweke hapo, wifi,” alisema Yusta bila kugeuka. “Zamu itafika.”

Rukaya aliutazama ubao. Elfu nane na mia sita. Alikwenda jikoni, akaondoa sufuria motoni, akafukia makaa kwa majivu, akarudi. Elfu tisa na mia saba. Akavua ndala, akashika ukingo wa chuma.

Kengele zililia. Walipanda, wakacheka, Filemoni mlangoni naye akacheka. Kizibo cha Rukaya kilishuka juu ya kikofia cha kati, kikaziba taa, na Yusta aliachia kitufe cha kulia, akanyoosha kidole akisogeze kidogo tu.

Rukaya alimsukuma begani.

Yusta alipita juu ya kochi, mbele ya picha ya baba, akiwa amelala chali kama mtu aliyeko mtoni. “Cha kushoto kigumu!” alimpigia kelele wifi yake akielekea mlangoni. “Kibonyeze kwa nguvu!”

Rukaya alikibonyeza kwa nguvu.