Mruturutu wa Robo Moli

"Punguza," mume wangu aliniambia kwa midomo tu, bila sauti, kutoka meza ya pili. Mizani yangu ilikuwa inaonyesha gramu sitini na mbili na nusu. Yake ilionyesha arobaini.

Tulikuwa kwenye usaili wa maabara ya maji, watu watano, nafasi moja. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisikia: tengeneza lita moja ya mruturutu, ile chumvi ya buluu ya shaba, yenye robo moli. Yaani upime gramu zinazotosha robo moli, uziyeyushe, kisha ujazie maji mpaka alama ya lita. Asubuhi ile tulitaniana mlangoni kwamba atakayeshindwa atafua nguo mwezi mzima. Ukweli ni kwamba sote wawili hatukuwa na kazi, na yeyote kati yetu akishinda, nyumba imepona.

Ni yeye aliyenifundisha moli, chuoni, kabla hata hajanitongoza. "Usiiogope," alikuwa akisema. "Moli ni fungu tu, kama dazeni. Fungu la vitu vizito lina gramu nyingi, basi." Darasa zima lilimwita Mizani. Mimi nilikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Na sasa Mizani ananikodolea macho, jasho linamchuruzika, anajihatarisha kufukuzwa chumbani kwa ajili yangu. Mwanamume gani mwingine angefanya hivyo?

Nilisoma tena kibandiko cha chupa. Punje zile za buluu zilikuwa na maji ndani yake, na maji yana uzito. Moli moja ilikuwa gramu mia mbili na hamsini, robo yake sitini na mbili na nusu. Mia na sitini, ambayo robo yake ni arobaini ya mume wangu, ni ya ile kavu, nyeupe. Nilijua. Haki ya Mungu, nilijua! Lakini nilimtazama tena, nikajiambia, huyu hajawahi kukosea hesabu, mimi ni nani? Nikachukua kijiko, nikapunguza mpaka arobaini.

Msimamizi alizipanga chupa zetu dirishani. Tatu zilikuwa buluu iliyokolea. Mbili zilikuwa zimepauka, zimefanana kama mapacha. Mume wangu aliziangalia, akageukia kibandiko, akakisoma hadi mwisho. Uso ukamsawijika.

"Kwa nini ulinisikiliza?" aliniuliza njiani.

"Kwa sababu ni wewe."



Kazi tulipata baadaye, kila mtu kwa njia yake, nisikufuru. Nilichokipoteza siku ile ni yule mbishi wangu. Tangu hapo hajanipinga kwa lolote: rangi ya ukuta, shule ya watoto, mchumba wa binti yetu. "Wewe ndiye unayejua, mama." Mashoga zangu wananionea wivu, eti mimi nimepata mume, wao wameolewa na askari jela. Hawajui ninavyoumia. Nyumba haina ubishi, na haina mazungumzo pia.

Juzi daktari alituambia goti langu lipasuliwe, au nivumilie maumivu hivyo hivyo. Niliogopa mno. Nilimgeukia mume wangu, nikamshika mkono, nikasubiri aseme chochote, hata upuuzi.

"Utakavyoamua, mama," alisema.

Nikamwambia daktari apasue. Mume wangu akaichukua fomu ya upasuaji, akaisoma hadi mwisho, kisha akanipa kalamu.