Meza Iliyokuja Kuniposa

Niliota naposwa na meza. Ni usiku wa jana tu, na sikulala na homa wala na njaa, kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba yalikuwa mambo ya tumbo. Nitaeleza kama yalivyokuwa.

Kwanza mjue nililala na nini kichwani. Naitwa Mize, nakaa Paje, huku pwani, na mama yangu, na nimesomea uhasibu mpaka nikapewa cheti. Lakini roho yangu iko kwenye kaiti, kile kishada kikubwa unachojifunga kiunoni kwa kamba, ukasimama juu ya ubao, upepo ukakuburuta majini mpaka ukasahau jina lako. Msimu ukiwapo nawafundisha wageni. Msimu ukiisha nakaa nyumbani natazamana na mama. Kaiti yangu mwenyewe, ya manjano, imechanika ubavuni na haijapata wa kuishona.

Basi jana jioni alikuja Mjomba Vuai kutoka mjini, na tai yake ya buluu yenye mistari ambayo haivui hata akila pweza. Kaleta habari kwamba kanipatia kazi ofisini, ya kudumu, atalala kwetu na asubuhi atanichukua akanitambulishe. Mama akaniuliza nasemaje. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilipomaliza kulimeza walikuwa wameshapeana mikono. "Kanyamaza," mama alisema, "karidhia." Ndivyo mwari wa kwetu anavyoulizwa akiposwa, na akinyamaza basi posa imekubaliwa. Nikaenda kulala na moyo mzito kama ndoo ya mchanga uliolowa.

Ndani ya ndoto nimekaa chumbani, nimefunikwa kanga mpya, nanukia udi, na sijui ni nani kanifukiza. Pembeni yangu imekaa kaiti yangu, imejikunja. Hilo sikuliona ajabu. Nililoliona ajabu ni kwamba imevaa kofia.

Nasikia hodi. Nachungulia kwenye pazia. Mjomba Vuai kakaa mkekani sebuleni kama mshenga, na kando yake imepiga magoti meza ya ofisi, ya mbao nyeusi, yenye droo tatu. Viatu vyake vinne imevivua mlangoni. Shingoni imevaa tai ya Mjomba, na Mjomba mwenyewe yuko shingo tupu. Mama akaikaribisha kahawa, ikasema ahsante, imekunywa kazini.

Mjomba akaisifia. Ni ya kudumu, ina tabia njema, tangu ilipowekwa haijahama hata siku moja. Mama akauliza kama ina mke mwingine. Meza ikafungua droo ya juu, ikatazama, ikajibu kwamba alikuwapo mmoja lakini alistaafu. Halafu nayo ikauliza kwa upole kama mimi sina mume, maana imesikia kuna mtu wa manjano chumbani kwangu.

Kaiti ikakohoa, ikainuka, ikatokeza sebuleni.

"Mimi si mume," ilisema. "Mimi ni ndugu yake wa kunyonya."

Mama alishtuka, kwani mnyonyeshaji ni yeye na hakumbuki kitu kama hicho. Kaiti ikaeleza kwa adabu kwamba mimi na yeye tumekunywa maji ya bahari moja, na ile siku ya mwanzo nilikunywa mengi zaidi mimi. Mjomba akafikiri, akasema inakubalika. Kaiti ikavua kofia kwa heshima, ikarudi kukaa.

Ndipo Mjomba akasogea penye pazia. Meza imekuja kwa heshima zote, alisema, na ataniuliza mara tatu kama inavyotakiwa. Je, nimeridhia?

Nafungua mdomo niseme sitaki. Neno haliji. Unakuja upepo. Upepo mzuri wa saa tisa alasiri unanitoka kooni, unaingia moja kwa moja kwenye kaiti, na kaiti inafura kidogo.

"Samahani," ikaninong'oneza. "Nilidhani ni wangu."

Huko nje wamesikia kimya. Mama akasema kanyamaza. Mjomba akasema bado mara mbili, maana yeye ni mtu wa utaratibu.

Kabla ya mara ya pili akaingia mposaji mwingine. Huyu ni Kazi ya Mapokezi hotelini, na hakuwa na mwili, alikuwa kengele ya kubonyeza na tabasamu tu. Mshenga hakuja naye. Kaja na zamu zake, ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, zimepanga mstari mlangoni kama watoto wa chuo cha Kurani. Mama, namshukuru, akauliza kama nitaruhusiwa kutoka upepo ukivuma. Tabasamu likajibu kwamba upepo ukivuma ndipo wageni wanapokuja, kwa hiyo siku hizo nitakaa kitini niwaelekeze baharini kwa kidole. Kidole watanipa wao. Mjomba akamwambia kengele atajibiwa, nayo ikatoka na zamu zake, na tabasamu likafuata nyuma likiwa limechoka sana.

Meza ilikuwa imeona wivu, nilijua kwa droo zake. Ikaomba nikaoneshwe nyumba nitakayoishi. Mjomba akafungua mlango wa jikoni, na jiko halikuwapo. Ni ofisi, ghorofa ya tatu, mjini. Kaiti ikaja nami, maana haiwezekani dada aende ukweni peke yake.

Ofisi ina dirisha moja na dirisha lenyewe halifunguki. Nje ya kioo kasimama upepo. Namjua, ni Kusi mwenyewe, kavuka bahari nzima kuja kunitafuta. Mlinzi wa mlangoni anamtaka kitambulisho. Kusi anajipapasa, hana mifuko. Mlinzi anamwambia kwamba yeye binafsi anamwamini, lakini hapa hapiti mtu bila picha. Nilitaka kumweleza kwamba upepo ukiupiga picha hutoka minazi mitupu, lakini sauti bado sikuwa nayo.

Namwonyesha Meza dirisha kwa mkono. Meza si mbaya, sitaki muifikirie vibaya. Ikaelewa mara moja. Ikasema likizo ipo, ikafungua droo ya chini kabisa, na likizo imo humo, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, na ukubwa wake ni kama leso ya mfukoni. Mlinzi akamruhusu Kusi apenyeze mkono mmoja tu mlangoni, tupime. Mkono ukatiwa kwenye likizo. Haikufika hata kwenye kiwiko. Mjomba anasukuma, Meza inasukuma, droo inagoma kufungika.

"Aje mwezi wa kumi na mbili," ilisema Meza.

"Mwezi huo yupo Kaskazi," alijibu Kusi, "na hatusemezani."

Akautoa mkono wake, akaondoka. Hapo nililia. Sisemi uongo, nililia kwa uchungu kabisa, ndani ya ndoto, na nadhani hata kitandani nililia. Niliona maisha yangu yote yanapita nje ya kile kioo na mimi niko ndani namtafuta mwenye ufunguo.

Mjomba akayaona machozi, akayapokea kama machozi ya bi harusi. Akauliza mara ya pili. Safari hii nikafungua mdomo kwa nguvu zangu zote, na upepo ukatoka kwa nguvu zangu zote. Kaiti ikafura mpaka ikajaza ofisi, ikambana mlinzi kwenye dari, ikakisukuma kioo, kioo kikaachia. Tukatoka dirishani sote pamoja, Mjomba kashika koti, Meza imeziba droo zake isimwage vitu, mlinzi nyuma anamwomba radhi kila anayepishana naye.

Chini hakuna barabara tena. Ni Paje, maji yamefika magotini, na sebule yetu iko katikati yake na mkeka wake na birika lake. Mama kakaa palepale. Tukatua mbele yake akatumiminia kahawa, akasema kumbe ofisi yenyewe si mbali.

Kaiti ikanivuta mkono. Ilikuwa imejaa hata haiwezi kugeuka vizuri.

"Mize," ilisema, "nimebeba sitaki zako mbili humu ndani. Ya tatu hainienei."

Ikanionesha ubavu. Ule mchano wake ulikuwa umefunguka zaidi, nyuzi zinatetemeka. Sikuwa na la kufanya. Ningekuwa na sauti ningesema, na nikikosa sauti nitaolewa na kazi kwa mdomo wazi.

Ndipo nikasikia chuma kinatembea majini. Ni cherehani ya mama, ile ya kukanyaga, iliyokatika mkanda tangu mimi niko skuli. Imekuja kwa mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani, na redio juu ya kichwa. Mama aliona haya, akaiambia si wakati wake, kuna wageni.

"Sikuja kuposa," ilisema cherehani. "Mimi ni wa humu humu. Miaka yote nimebeba redio, nasikiliza matangazo ya vifo, na sijawahi kuingilia mazungumzo. Leo nina neno."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Kila upepo ukivuma, kaiti za watu zinachanika. Zinasafirishwa mbali kwenda kushonwa na msimu unakwisha hazijarudi. Upepo ukivuma, Mize aende zake baharini, yeye cherehani hatamwita. Upepo ukilala, aje washone kilichochanika. Hana likizo ya kumpa, alisema, kwa sababu hana droo ya kuifungia.

"Ila sina mkanda," akamalizia.

Wote wakaitazama shingo ya Meza. Mjomba akaona mambo yanaharibika, akasimama haraka, maji yakamrukia surualini.

"Mize, mwanangu, hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Umeridhia?"

Nafungua mdomo. Upepo unapanda kooni, unaikuta kaiti imejaa, hauna pa kwenda, unarudi ulikotoka. Nyuma yake lilikuwa limekaa neno, siku zote, limebanwa. Nikalisema.

"Sitaki."

Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Mama akauliza ni kitu gani kile. Mjomba akamwambia ni sitaki, amewahi kuisikia mjini.

Meza haikukasirika. Ikailegeza tai, ikaivua, ikasema inaibana tangu ilipoajiriwa, ikamkabidhi cherehani. Ikachukua viatu vyake vinne na kuaga. Cherehani ikajivisha tai kwenye gurudumu, kaiti ikalala chini ya sindano ikafumba macho, kanyagio likaanza kugonga, likagonga, likagonga, nikaamka.

Kilichokuwa kinagongwa ni mlango wa chumbani kwangu. Nikafungua. Mjomba Vuai kasimama na shati jeupe, vifungo mpaka juu, shingo tupu. Akaniuliza kama nimeiona tai yake. Usiku aliiweka juu ya kiti pale sebuleni, na sasa kiti kipo na tai haipo, na kuchelewa tunachelewa.

Nilihisi kitu kinapanda kooni, na niliogopa, kwa sababu huku hakuna kaiti ya kukipokea.

"Mjomba," nilisema, "sitaki."

Alidhani nazungumzia chai. Nikamwambia si chai, ni kazi. Mama alikuja kutoka jikoni na kijiko mkononi.

"Jana ulinyamaza," alisema.

"Jana nilikuwa na tonge mdomoni, mama."

Mjomba akakaa chini pole pole kwenye kile kiti. Nilimwonea huruma. Najua amewaomba watu kazi hii, na kuomba watu si kawaida yake. Nikamshika mkono nikamwambia hivyo, na kwamba namshukuru, na kwamba nikiingia mle nitakuwa natazama dirishani mpaka nizeeke. Mama ndiye aliyejibu, kwa swali. Aliuliza sasa nitakula nini, maana upepo hauliwi.

Jibu langu lote lilikuwa ni la ndotoni, na sikuwa na jingine. Nikasema nitashona kaiti za watu zinazochanika, siku upepo ukilala.

"Kwa cherehani gani?" alisema mama. "Ile pale? Ile haina mkanda tangu uko skuli, mwanangu. Njoo uone."

Akaishusha redio, akaiweka sakafuni. Akavuta kile kitambaa cha kufuma kinachoifunika mashine. Halafu akabaki na kitambaa mkononi.

Tai ya buluu yenye mistari ilikuwa imezungushwa kwenye gurudumu la juu, ikashuka mpaka gurudumu la chini, imekazwa, imefungwa fundo. Mjomba alinitazama mimi. Mimi nilimtazama mama. Mama aliitazama redio.

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio kama mtu anayejaribu maji. Gurudumu likazunguka. Akakanyaga tena, sindano ikapanda na kushuka. Mjomba akanyoosha mkono aichukue tai yake, na mama, bila kumgeukia, akamwambia aiache palepale.

"Mize," alisema, "hebu niletee hiyo kaiti yako."