Safu ya Tatu

Siku ya kwanza yule binti aliingia na daftari, saa ya kupimia muda na tabasamu la mtu asiyejua kuchoka, akaniambia, "Bibi, fanya kama unavyofanya siku zote. Mimi sipo." Hayupo, na kakaa kwenye kiti changu! Nikamwitikia shingo upande.

Mjukuu wangu kapewa jina langu, kwa hiyo namwita somo. Ana miaka saba na hajawahi kutamka neno. Alipofika miaka minne alianza kujigonga kichwa ukutani. Alipofika sita, jicho la kulia likazima. Daktari wa macho alituambia bila kuficha, mimi na mama yake, kwamba la kushoto nalo limeanza kubanduka kwa ndani, na kishindo kimoja kikubwa kinatosha kulimaliza. Ndiye aliyetutafutia huyu binti, mtaalamu wa tabia za watoto. Mimi nilitaka dawa, jamani. Nikaletewa daftari.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko. Chumba cha mbele kina cherehani ya binti yangu, mama yake somo, anayeshona sare za shule. Ukuta wa karibu na mlango wa jiko rangi yake ilikuwa imekwanguka, usawa wa paji la uso la mtoto. Nilipigilia blanketi hapo. Somo akasogea nusu hatua, akajigonga pembeni ya blanketi. Sasa mtoto wa hivyo utamwambia nini?

Siku nne yule binti aliandika. Ukurasa wake ulikuwa na safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Siku ya tano alimvika somo kofia ya sponji, daktari kairuhusu, akaanza kutupanga kama wachezaji. Alimpa vibao vya rangi avipange. Hakujigonga. Alimwachia kopo la vifungo vya mama yake, pasiwe na wa kumsumbua. Hakujigonga. Kisha akaniambia nikae pale pale nikunje nguo, nisimtazame.

Hazikupita dakika mbili. Paa!

"Basi somo, basi mama, njoo kwa bibi." Akaacha. Nikarudi kwenye nguo kama nilivyoagizwa. Paa! Nikamwita, akaacha. Mara sita. Nikaanza kuelewa, maana hata mimi si mjinga.

Jioni yule binti alifungua daftari juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Bibi, soma safu ya tatu."

Nikasoma. Bibi anampakata. Bibi anamwimbia. Bibi anaacha kupika, anampakata. Ukurasa mzima.

"Unaniambia mimi ndiye niliyempofua?" Nilisimama hadi kiti kikaanguka. "Wewe umezaa wangapi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi! Nimembeba mtoto huyu mgongo ukapinda, leo uje na kalamu yako uniambie mapenzi yangu ni sumu?"

"Mama," binti yangu akasema kutoka kwenye cherehani, "mwache amalize."

Yule binti hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Sijasema hivyo, bibi. Mapenzi yako ndiyo anayoyataka. Ila hana mdomo wa kukuita, na ukuta ndio mlango pekee aliouona ukifunguka." Akafunua ukurasa mwingine. "Soma na hapa."

Ametulia, anapanga vifungo. Kilichofuata: bibi anakwenda jikoni. Ametulia, anatazama dirishani. Kilichofuata: mama anarudi kwenye cherehani. Ametulia. Bibi anatoka nje.

Ilikuwa kweli tupu. Akitulia tulimshukuru Mungu, tukakimbilia kazi. Mtoto mtulivu katika nyumba yetu hakuwa na mtu.

Dawa yenyewe ilikuwa kadi. Kadi ngumu yenye picha ya mapaja yangu na khanga yangu ya kila siku, inaning'inia shingoni mwake. Akinipa, nimpakate saa hiyo hiyo, hata mikono iwe na unga. Akijigonga, niweke mto kati ya kichwa na ukuta, nisiseme neno, nisimtazame usoni. Na akitulia, nimwendee bila kuombwa. "Mwanzoni atazidisha," yule binti alionya. "Atadhani hujasikia. Usimpakate hapo, bibi, nakusihi."

Siku ya tatu alizidisha. Alijigonga kwenye mto, akalia, akanivuta khanga, kisha akafungua kamba ya kofia, akaitupa, akaukimbilia ukuta mtupu. Nilimdaka nikampakata nikamwimbia. Nani angeweza kumwacha? Wewe ungeweza?

Kesho yake asubuhi, kabla hajafanya lolote, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya kofia.

Binti yangu aliacha kushona, akafunika uso kwa sare ya mtoto wa watu. "Mama, umemfundisha kuvua kofia," alisema. Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye, nilidhani wanawasema wengine. Nililia siku hiyo kuliko siku jicho lilipozima.

Yule binti hakunilaumu. Alinionyesha namna ya kusimama nyuma ya mtoto, mto mkono mmoja, na kwa mwingine kuushusha mkono wake taratibu kutoka kwenye kamba hadi kwenye kadi. Bila neno. Mimi, bila neno! Niliuma midomo ikavimba. Siku nane tulifanya hivyo, zamu kwa zamu na binti yangu, na hakuna aliyempakata kwa ajili ya ukuta.

Siku ya tisa nilikuwa naosha vyombo. Nikamwona anausogelea ukuta, mkono juu, kwenye kamba. Nikachukua mto. Mkono ukasimama. Ukashuka wenyewe. Akaishika kadi, akaja nayo hadi kwenye beseni, akanisukumia tumboni.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Jana tulirudi kwa daktari wa macho. La kushoto limeshikilia, halijabanduka zaidi. Wakati akiandika, somo alinipa kadi mbele ya watu wote, akapanda mapajani, akaniegemezea upande wa jicho lililokufa. Kipande cha karatasi ngumu na uzi. Miaka mitatu aliniita kwa kichwa chake, nami nikamwitikia kila alipoumia, na alipokuwa mzima nikampa mgongo. Nilimwomba msamaha sikioni. Sijui kama alinielewa.

Siku hizi akikaa na kopo lake la vifungo, kimya, haniombi kitu, mimi huacha jiko nikamwendee. Binti yangu ananung'unika kwamba sufuria tatu zimeungua mwezi huu.

Ziungue.