Jina la Mama Mkwe

Fundi cherehani alipigiwa simu Jumatano asubuhi, pini zikiwa bado mdomoni. Maombi yako ya uraia yamekubaliwa, karani alimwambia. Ijumaa utaapishwa ukumbini pamoja na wenzako. Miaka kumi na tisa alikuwa akiisubiri simu hiyo. Aliliacha gauni la mteja mezani, akatoka mbio kwenda mtaa wa pili kumpa mama yake habari.

Hajafika, simu ikalia tena. Karani yuleyule, safari hii kapunguza sauti. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, lakini cheti cha shule na kibali cha ukaazi vinasema Bibi.

"Huyu Bibi ni nani?"

Alikuwa yeye. Alipozaliwa alipewa jina la mama mzaa baba, na kwao mke hamtaji mkwewe kwa jina, sembuse kuliita kwa kelele uani mtoto akiiba sukari. Basi mama akamwita Bibi. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aliuliza mtoto anaitwa nani, mama akajibu alivyozoea. Bibi akaingia daftarini, akahitimu, akahama nchi, akafungua duka la ushonaji.

Karani alitaka hati ya kiapo kutoka kwa mtu aliyemjua tangu kuzaliwa, imfikie kabla ya kesho saa tisa. Huku ugenini mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Mama alisikiliza huku anavaa viatu. Ana miaka sabini na miwili, lakini njia nzima hadi kwa wakili yeye ndiye aliyetangulia.

Wakili aliandika maelezo, akasema kiapo husomwa kwa sauti. Alipoelezwa mwiko huo, akajitolea kumsomea mama, yeye aitikie tu. Mama akatikisa kichwa.

"Marehemu mama mkwe alinipenda," alisema. "Nikiona haya kumtaja leo, mjukuu wake akose uraia? Angenigombeza yeye mwenyewe."

Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akalitamka lile jina. Kwa miaka arobaini na mitatu binti hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama. Akainuka kitini. Mama akalirudia kwa nguvu zaidi, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wakili naye akaangua kicheko.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Jina likaitwa; fundi katulia kitini, anatazama nani atainuka. Likaitwa tena. Mama akamfinya paja.

"Ni wewe. Nenda."

Alikwenda nusu anatembea, nusu anakimbia, akaapa kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Kwenye cheti, chini ya jina lake kamili, karani alikuwa ameongeza mstari: anajulikana pia kama Bibi. Nje, juani, alimsomea mama yake cheti hicho herufi kwa herufi. Alipomaliza, mama akamwambia aanze upya.