Kumi na Saba Haongeleshwi

...Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, dakika hiyo naijua kwa sababu nimetoka kuiandika kwenye ubao wa malisho, Kumi na Saba, samaki sita, kala wote, na sasa nimesimama kwenye sinki na samaki wa kesho, bado wameshikana kwa barafu, maji ya bomba yanawapitia, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, na dada ameingia na karatasi, "Mdogo wangu, futa mikono uniwekee saini hapa, daktari wa wanyama anakuja kesho saa tatu," nami nimedhani ni fomu ya dawa za kusafishia, kila kitu kwenye kituo hiki kina fomu, nimeinama kuisoma bila kuigusa, maana mimi sisaini nisichokisoma, dada hunicheka kwa hilo, "wewe hata maandishi ya kwenye sabuni unayasoma," na kweli nimeyasoma... mstari wa nne unanitaja mimi. Mtu wa kujitolea aliyetajwa hapo juu amekuwa akimwongelesha mnyama namba 17, kinyume cha kanuni ya ukimya. Amekuwa akimwongelesha. Nimerudia, labda lugha yao imenipiga chenga, ya ugenini mambo mengi, lakini hapana, ni mimi, na mwandiko ni wa dada, ile saba yenye mkia mrefu hakuna mwingine anayeiandika hivyo, "Dada, hapa kuna kosa, wameandika mimi," nasema "wameandika" ili nimpe nafasi, achukue hiyo nafasi jamani, ashtuke, aseme hebu nione... "Punguza hayo maji," anasema, "yanaruka." Maji. Wiki kumi na moja nimefunga mdomo kama umeshonwa, mimi ambaye mama husema nilizaliwa nikiuliza maswali, kwa sababu siku ya kwanza dada huyu huyu, mratibu, mtu wa nyumbani, kaniweka mbele ya bango la mlangoni kidole mdomoni, akanieleza kwamba mtoto wa sili, mnyama huyu wa bahari za baridi, akizoea sauti ya binadamu harudishwi baharini tena, atafuata boti, atafuata watu ufukweni, basi hupelekwa kwenye bwawa la maonyesho akapigiwe makofi mpaka afe, kwa hiyo barakoa, viatu laini, na chafya tunatoka kuipigia koridoni, nami nimepiga chafya koridoni mara thelathini na moja... "Unanitazama hivyo kwa nini?" Simtazami hivyo, au namtazama, sijui uso wangu unafanya nini, nafikiria Alhamisi iliyopita, mkurugenzi akipita na dada nyuma ya ukuta wa bwawa, dada akacheka, kicheko chake kile cha puani, na Kumi na Saba akamwacha samaki nusu mdomoni, akaja ukingoni kanyoosha shingo, akaguna, akatafuta, mkurugenzi akasimama akauliza nani anaongea na huyu, na mimi mjinga, mimi ninayejifanya macho yangu hayakosi kitu, nikamfuata dada ofisini kumpasha, "Dada, kuna mtu anamharibu, kageukia kicheko chako," akasema, "Amesikia ndoo," nikaandika kwenye daftari, amesikia ndoo, na ndoo nilikuwa nimeishika mimi, imetulia, haikulia hata kidogo... "Dada, ulikuwa unaongea naye?" Anakunja kona ya karatasi, anaikunjua. "Alikuwa analia. Nikifungua asubuhi, peke yake mle, analia kama kichanga, ningefanyaje, nimkaushie?" Mimi nilimkaushia. Nasikia nimesema kwa sauti, "Mimi nilimkaushia," naye anacheka kidogo, "Wewe una roho ngumu, ndiyo maana umesoma," ni utani, hata sasa ananitania, na mdomo wangu umeanza kutabasamu kwa mazoea kabla sijauzuia... roho ngumu, mimi, siku bibi alipofariki simu ilitetemeka nikiwa pembeni mwa bwawa, nikasoma ujumbe wa kaka, nikang'ata glavu, ina ladha ya samaki na klorini, nikatembea, sikukimbia, hatua ishirini na mbili mpaka stoo ya magambuti, dada akanikuta, akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Si hapa, mdogo wangu, atakusikia, nenda ukalie bwenini," nikaenda, dakika tisa kwa miguu, nimebeba msiba kama ndoo iliyojaa nisiumwage njiani, na nilimshukuru, usiku ule nilimwandikia mama kwamba huku nimepata dada kweli... "Sikiliza," anasema, "wewe tarehe thelathini unapanda ndege, uko zako. Mimi kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hii. Wataandika ulikuwa mgeni, ulikosea, basi, yamekwisha. Nisitiri." Nisitiri, na chuo kinasubiri barua kutoka hapa ndipo mwaka wangu uhesabiwe, na barua ikisema nilivunja kanuni ya kwanza ya kituo hakuna atakayeniachia hata samaki wa kwenye chupa, dada anajua, yeye ndiye aliyenisaidia kujaza maombi, ndiye aliyemwambia mama kwenye simu, "Ondoa wasiwasi mama, huyu sasa ni damu yangu," na kibaya zaidi namwonea huruma, mkono umeshatoka kwenye glavu, mwekundu, umekunjamana, unaielekea kalamu, kwa sababu ni mkubwa wangu, kwa sababu yuko peke yake huku miaka sita, kwa sababu ni saini tu... lakini siku ile yeye alibaki. Mimi nilikwenda kulia bwenini, yeye akabaki bwawani. Alimwambia nini? Labda alimweleza habari zangu, kwamba binti wa watu kafiwa, kwa sauti ile ile ya stoo, kumbe sili amejua msiba wangu na mimi nimemeza... alimsemesha, basi, na sauti anayoijua ni ya dada, yangu haijui, wiki kumi na moja namlisha na haijui, hajawahi kuisikia hata mara moja. Hajawahi. Maji yanaruka bado, samaki bado wameshikana, kalamu iko palepale mkononi mwa dada, saa ya ukutani inasema saa nane na dakika ishirini na sita, na mkono wangu umerudi ndani ya glavu. "Niachie mpaka kesho, dada, niisome vizuri." "Haya, kasome," anasema, "usinicheleweshe tu," ananigonga begani kidogo, anatoka.

Jumatano saa tatu na dakika kumi, fomu ikiwa mfukoni mwa aproni bila saini, nilimwomba daktari na mkurugenzi dakika mbili pale bwawani, wamtazame Kumi na Saba atageukia sauti ya nani. Nikavua barakoa, nikachuchumaa ukingoni, nikamwongelesha Kumi na Saba kwa mara ya kwanza, nikamwambia mimi ndiye wa samaki wa saa mbili na ndiye wa samaki wa saa nane, nikamwomba radhi kwa kumnyamazia, dakika mbili kamili, naye akaendelea kumgeuzageuza samaki mdomoni bila kuinua kichwa, na jinsi ilivyoniuma hakuna aliyeona. Kisha nikasimama, nikamgeukia dada pale mlangoni, nikasema, "Shikamoo, dada. Na wewe naomba umsemeshe, neno moja tu."